Mali Kauli: Habari za Maduka Makubwa Yaliyokufa

Mtu akisimama Rasbura, hapa mjini Lindi, akauliza habari za duka kubwa lililokuwa na matawi kila upande wa nchi na baadaye likafa, hatatajiwa Nakumatt wala Uchumi, maana makampuni hayo hayakuwahi kufungua mlango Lindi. Atatajiwa herufi tatu za Kiingereza ambazo zimekwisha kuwa neno la Kiswahili kwa kukaa kwake vinywani mwa watu: RTC. Maana yake ni Kampuni ya Biashara ya Mkoa. Kila mkoa wa Tanzania Bara ulikuwa na yake, na Lindi, uliotengwa na Mtwara mwaka 1971 ukawa mkoa wenye kujitegemea, ulipata ya kwake pamoja na mikoa mingine.

Vijana waliozaliwa baada ya 1990 wamerithi jina hilo likiwa na maelezo mafupi sana. RTC ilikufa, husema, kwa sababu ilikuwa mali ya serikali, na mali ya serikali haina mwenyewe. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, wala mimi sitaki kuyafuta. Lakini yangetosha kama maduka makubwa yenye wenyewe yasingalikufa vilevile. Nakumatt ilikuwa mali ya watu binafsi, hodari wa biashara, na ilikufa ikiwa na rafu tupu kama zile za RTC. Pana haja, basi, ya kutafuta sababu iliyo chini zaidi. Mimi ni mwalimu wa lugha, si mwanahesabu, kwa hiyo nitaitafuta mahali nilipozoea kutafuta mambo, yaani katika neno.

Neno lenyewe ni mali kauli. Biashara ya pwani hii ilisimama juu yake tangu zamani. Tajiri wa Unguja alimkabidhi mwenziwe nguo, ushanga na nyaya za shaba bila ya kupokea fedha. Aliyekabidhiwa alitoa kauli tu, kwamba akiisha kuuza atarudi kulipa. Kilwa Kivinje na Lindi zilikuwa bandari za misafara iliyotoka upande wa Ziwa Nyasa, ikileta pembe na, kwa aibu ya zama zile, watumwa. Na sehemu kubwa ya bidhaa zilizopanda bara zilipanda kwa kauli. Aliyevunja kauli hakupata bidhaa tena, na habari zake zilitangulia mbele yake bandari kwa bandari.

Misafara ilipokwisha, duka likarithi desturi hiyo. Wakati wa Wajerumani na kisha Waingereza, wenye maduka wengi wa Lindi, na wa bara yake kama Nachingwea na Liwale, walikuwa Wahindi, na kila mmoja alikuwa kiungo katika mnyororo mrefu. Mwagizaji wa Dar es Salaam alimkopesha muuzaji wa jumla wa Lindi. Wa Lindi akamkopesha mwenye duka la bara. Wa bara akamkopesha mkulima kanga na chumvi na mafuta ya taa mpaka msimu. Yote yaliandikwa katika daftari. Sheria ya ukoloni, kwa kudai kumlinda Mwafrika, ilimnyima mwenye duka asiye Mwafrika haki ya kumshtaki Mwafrika kwa deni la mkopo, isipokuwa mkopo huo umeidhinishwa na serikali; kwa hiyo deni la duka la shamba lilikuwa kauli hasa, lisilokuwa na baraza la kulisimamia.

Tusilipambe daftari hilo. Lilikuwa na bei ya mkopo na bei ya fedha taslimu, na mkopaji asiyejua kusoma hakuweza kuhakikisha kilichoandikwa. Mazao yalipimwa kwa mizani ya yuleyule aliyekopesha. Watu waliochukia mnyororo ule hawakuwa wajinga, na serikali ya uhuru ilipoazimia kuukata ilikuwa inatekeleza matakwa ya wengi. Lakini kuna tofauti kati ya kuukata mnyororo na kuijua kazi uliokuwa ukifanya.

Jaribio la kwanza lilikuwa la ushirika. Mwaka 1962 ilianzishwa COSATA, Jumuiya ya Ushirika ya Ugavi ya Tanganyika, kwa msaada wa wataalamu kutoka Israel, iwe na maduka ya jumla na ya rejareja ambayo wananchi wangekuwa wenyewe wake. Israel ilikuwa na sifa ya maduka ya ushirika, na shauri lake lilionekana jema. Jumuiya ikaelemewa upesi. Washirika wake hawakuwa na mtaji, mameneja wenye ujuzi walikuwa wachache, na wauzaji wa zamani waliweza kushusha bei pale ilipowafaa. Ilipotangazwa siasa ya Azimio la Arusha, Februari 1967, COSATA ilikuwa miongoni mwa makampuni manane ya biashara yaliyochukuliwa na serikali, pamoja na makubwa ya kigeni kama Smith Mackenzie na Dalgety, yote yakamiminwa ndani ya chombo kimoja: Shirika la Biashara la Taifa, lililojulikana kwa herufi zake STC.

STC ilipewa mzigo usiobebeka. Shirika moja, lenye makao Dar es Salaam, liagize shamba la chai pembejeo zake, liagize hospitali vifaa vyake, na lihakikishe kwamba Liwale kuna kiberiti. Hesabu zake zilichelewa, bidhaa zikarundikana mahali zisipotakiwa na kukosekana zilipotakiwa. Mwaka 1973 likavunjwa. Mahali pake pakawekwa Bodi ya Biashara ya Ndani, na chini ya Bodi makampuni ya taifa yaliyogawana aina za bidhaa, moja vifaa vya nyumbani, moja vifaa vya ujenzi na umeme, na kadhalika. Kisha katika kila mkoa RTC yake. Mawazo yalikuwa mazuri: aliye Lindi ndiye ajuaye Lindi inahitaji nini.

Hapa ndipo yafaa tutulie, kwa maana RTC Lindi haikuwa na uwezo wa kutumia ujuzi huo. Duka la kawaida huanza kwa mnunuzi: mwenye duka huona nini kimekwisha, akaenda kukitafuta. RTC ilianza kwa mgawo. Kiwanda kilitoa kilichotoa, kampuni ya taifa ikakigawanya kwa mikoa, mkoa kwa wilaya, wilaya kwa maduka na vijiji. Kilichofika Lindi kilikuwa kile kilichopangwa kifike, wala si kile kilichoulizwa. Bidhaa kadhaa muhimu ziliwekwa chini ya RTC peke yake katika biashara ya jumla, hata mwenye duka binafsi aliyekuwa na fedha na gari hakuruhusiwa kuzifuata kiwandani. Alihitaji kibali.

Tena pana jambo la bei. Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1973, ilipanga bei za maelfu ya bidhaa. Nia ilikuwa kumlinda mnunuzi wa mbali asinyonywe. Lakini fikiri, msomaji, Lindi ilikuwa mbali kiasi gani. Barabara ya kutoka Dar es Salaam ilikatwa na Rufiji, na gari lilivuka kwa kivuko. Kusini ya mto, nyakati za masika, matope yaliweza kuifunga njia kabisa. Daraja la Rufiji lilifunguliwa mwaka 2003, miaka thelathini baada ya RTC kuanza. Gunia la saruji lililopita njia hiyo liligharimu zaidi kuliko lililokwenda Morogoro, na bei iliyopangwa mezani Dar es Salaam haikutosha kulipia matope. Hivyo, pale ambapo bei ilipangwa kwa huruma kwa ajili ya watu wa kusini, huruma hiyo ilimfanya kila aliyepakia bidhaa apende kuzipeleka penginepo.

Na mnunuzi mwenyewe alikuwa amepungukiwa. Fedha ya Lindi na Mtwara ilikuwa korosho. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna karibu tani 145,000. Kisha ikaja miaka ya kuhamishiwa watu vijijini, na mikorosho mingi ikaachwa nyuma, mbali na makao mapya ya wenye nayo, ikaota magugu. Ukaongezeka ugonjwa wa mikorosho, na bei ndogo aliyolipwa mkulima. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Kufikia msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Mkulima asiye na korosho hakuwa na cha kununulia kanga, na mkulima asiyeona kanga dukani hakuwa na sababu ya kupalilia korosho. Wachumi waweza kubishana ni kipi kilitangulia. Katika nyumba ya mtu mambo hayo huingia kwa mlango mmoja.

Mwaka 1976 pia ilikuja Operesheni Maduka. Maduka ya watu binafsi vijijini yaliamriwa yafungwe ili maduka ya kijiji yachukue nafasi, na katika sehemu nyingi yalifungwa kabla ya hayo mapya kuwa na bidhaa. Uhaba ulionekana upesi kiasi kwamba mbio zile zikapunguzwa mwaka uleule. Wenye maduka waliokuwa wameondoka hawakurudi wote, na daftari zao ziliondoka nao. Jambo hili halitajwi sana katika vitabu, nami nadhani ndilo kubwa kuliko yote. Mkulima wa Ruangwa au Liwale aliyekuwa akikopa chumvi mwezi wa Machi na kulipa kwa korosho mwezi wa Novemba, sasa alitakiwa aje na fedha taslimu mwezi wa Machi, mwezi ambao katika nchi ya korosho hapana mwenye fedha. Duka la umma lilitaka fedha mkononi. Lilimwondolea unyonyaji wa mkopo kwa kumwondolea mkopo wenyewe.

Lakini msidhani kwamba RTC yenyewe haikukopa. Ilikopa sana. Ilinunua kwa fedha za Benki ya Taifa ya Biashara, na deni la benki lilikuwa deni la shirika la umma kwa shirika la umma, tarehe yake ya kulipwa ikisogea kila mwaka. Tazama jinsi mnyororo wa zamani ulivyogeuzwa. Zamani mkopo ulishuka kutoka kwa tajiri mpaka kwa mkulima, na katika kila kiungo palikuwa na mtu ambaye kauli yake ikivunjika, yeye mwenyewe hana la kula. Sasa mkopo uliishia ghalani. Chini ya ghala palidaiwa fedha taslimu, na juu ya ghala hapakuwa na mtu wa kuaibika.

Kauli ilipotoweka, lugha ikaleta maneno mengine. Kibali nimekwisha kukitaja. Kwa nje kilikuwa karatasi ya kuruhusu. Kwa ndani kilikuwa bidhaa yenyewe, kwa maana mwenye kibali cha magunia kumi ya sukari aliweza kukiuza hicho kibali bila ya kuigusa sukari. Kikazaliwa kimemo, karatasi ndogo iliyoandikwa na mkubwa kwa meneja, isiyokuwa na muhuri na yenye nguvu kuliko muhuri. Pakawa na mlango wa nyuma, ambao kila mtu aliujua ulipo. Mlanguzi, aliyekuwa neno la kutukania, akawa mtu ambaye kila nyumba ilimtukana mchana na kumtafuta usiku. Foleni ikapata sheria zake: mtu aliweza kuweka jiwe au kikapu mahali pake akaenda zake, na jiwe likaheshimiwa. Nalipenda sana hilo jiwe. Katika duka lililokwisha kupoteza kauli, watu wenyewe walitunga kauli mpya baina yao huko nje, nayo ikashika.

Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 fedha za kigeni zilikwisha, na viwanda vikafanya kazi chini ya nusu ya uwezo wake. Yakaja maduka ya kaya, ambamo unga, sukari na sabuni viligawiwa kwa hesabu ya watu wa nyumba. Mwaka 1983 serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, iliwakamata watu wengi kwa uhujumu uchumi, na bidhaa zilizofichwa zikatolewa hadharani. Wengi waliishangilia hatua hiyo, na si vigumu kuelewa kwa nini. Lakini bidhaa zilizokamatwa ziliuzwa mara moja tu, hazikuzaa nyingine. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu mwenye fedha zake nje aingize bidhaa, mitumba ikarudi, na chini ya Rais Mwinyi, aliyeingia madarakani Novemba 1985, neno la siku likawa ruksa. RTC, iliyokuwa imezoea kuwa mlango pekee, ikajikuta ni duka kama duka lingine, lenye deni kubwa na wafanyakazi wengi. Katika miaka ya 1990 makampuni hayo yaliuzwa au kufilisiwa mkoa kwa mkoa, katika kazi ya kurekebisha mashirika ya umma. Bodi ya Biashara ya Ndani ilidumu katika vitabu vya sheria hata 2009, ilipofutwa pamoja na ile ya nje ili kuundwa TANTRADE. Ilikuwa mama asiye na watoto kwa miaka mingi.

Hayo ndiyo ya kwetu. Sasa tuwatazame jirani zetu wa Kenya, si kwa kuwacheka, bali kwa sababu wao walijaribu njia ambayo wengi waliiona kuwa ndiyo dawa. Mwaka 1975, RTC zetu zikiwa na miaka miwili, serikali ya Kenya ilianzisha duka kubwa kwa kupitia mashirika yake, nalo likapewa jina la Kiswahili safi: Uchumi. Mwanzoni liliongozwa na kampuni ya maduka ya Italia, Standa. Halikuwa na mgawo wala kibali; lilishindana sokoni, likakua, na mwaka 1992 hisa zake zikauzwa kwa umma Nairobi. Kisha likapanuka kuliko fedha zake. Katikati ya 2006 lilifunga milango kwa madeni. Likafufuliwa, likawa na matawi Dar es Salaam na Kampala, na Oktoba 2015 likayafunga matawi yote ya Tanzania na Uganda. Waliosubiri mlangoni safari hii hawakuwa wanunuzi. Walikuwa waliouza maziwa, mkate na mboga kwa duka hilo, wakitaka kulipwa.

Nakumatt ina asili ya kupendeza: jina lake limefupishwa kutoka maneno ya Kiingereza yenye maana ya magodoro ya Nakuru, kwa kuwa ndiyo biashara iliyoanza nayo. (Tuskys, mshindani wake aliyekufa baadaye, naye alizaliwa Nakuru akiwa muuza magodoro. Mwenye kutaka kuandika juu ya magodoro na mitaji katika Afrika ya Mashariki ana kazi njema mbele yake.) Ilikuwa na matawi zaidi ya sitini katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite waliokuwa wakiondoka nchini kwetu. Mwaka 2017 rafu zake zilikuwa tupu. Mzinga wa bunduki haukusikika, wala serikali haikuamuru kitu. Wauzaji walikuwa wamechoka kuleta mali isiyolipwa, basi. Madeni yalipita shilingi bilioni 30 za Kenya. Januari 2020 wadai walipiga kura ya kuifilisi, na matawi sita ya mwisho yakaenda kwa Naivas.

Katika kuyasoma mambo hayo nilistaajabu jinsi neno letu la kale linavyoyaeleza. Supamaketi ya kisasa huishi kwa mali kauli. Muuza mkate huileta mikate yake asubuhi. Duka huiuza siku hiyohiyo kwa fedha taslimu. Muuzaji hulipwa baada ya siku sitini, au tisini, au zaidi. Katikati ya siku hizo fedha zake zinajenga tawi jipya mahali pengine. Tawi hilo nalo hupokea mikate kwa kauli. Maadamu matawi yaongezeka, hesabu huonekana nzuri, na siku yanapokoma kuongezeka ndipo hujulikana kwamba jengo zima lilikuwa limesimama juu ya mikate ya watu. Tajiri wa Unguja alimkopesha mdogo wake katika biashara; hapa mdogo ndiye anayemkopesha mkubwa, tena bila ya kuulizwa kama anataka. Kenya iliona hivyo yenyewe, na mwaka 2019 ikarekebisha sheria yake ya ushindani ili mnunuzi mkubwa asimwonee muuzaji mdogo kwa kuchelewesha malipo.

RTC na Nakumatt, basi, hazikufanana katika umiliki wala katika ushindani, wala yeyote hakuhitaji kimemo ili anunue sabuni Nakumatt. Zilifanana katika jambo moja: zote zilikopa juu na hazikukopesha chini. Mnunuzi aliziendea na fedha yake akaondoka, na hapakuwa na uzi wowote baina yake nazo. Ziliposhindwa kujaza rafu, hapakuwa na mtu mwenye sababu ya kuzingoja hata wiki moja. Mwenye duka dogo anapokosa sukari, wateja wake humngoja, kwa kuwa majina yao yamo katika daftari lake na wanajua kesho watamhitaji. Naye akitaka kufunga duka ahame, fedha yake iko mitaani kwao.

Pana watakaonijibu kwamba daftari ni umaskini, na kwamba simu ya mkononi yenye fedha ndani yake imekwisha kulifanya kuwa kitu cha makumbusho. Sikatai kwamba mengi yamebadilika. Barabara ya kwenda Dar es Salaam sasa ni ya lami, na lori lililopakiwa jioni Kariakoo hushusha Lindi kesho yake. Mizigo mingi huenda kwa mwenye duka mwenye chumba kimoja, anayepima mafuta ya kupikia kwa kipimo cha shilingi mia chache na kukata kipande cha sabuni kwa asiyeweza kununua mche mzima. Yeye hununua kwa jumla kwa mkopo wa siku chache, akauza Rasbura kwa mkopo wa siku chache. Msimu wa korosho unapokaribia, mnada ukiwa bado haujafunguliwa na fedha zikiwa bado ziko mitini, daftari lake hujaa kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka.